Mficha uchi hazai, lakini hazalishwi barazani

1/10

Huu ni mfululizo wa posti kumi. Ni mrefu, najua. Msome mtoto akishalala.

Kuna sheria inapita siku hizi kwenye magrupu ya mama hapa Pemba. Ilianza grupu moja, likanakili la pili, sasa naikuta Wete, naikuta Chake, naikuta Mkoani. Inasema hivi: atakayeuliza swali aandike jina lake kamili, shehia yake na kituo anachohudhuria kliniki, na asiyejitaja hatajibiwa. Sababu wanayoitoa inapendeza masikioni: ati ili tuaminiane, ati ili waongo wasituingilie.

Mie ni nesi. Nasema sheria hii ni mbaya. Itayaua magrupu yenyewe, na kabla ya kuyaua itawaumiza mama. Nitaeleza kwa nini, na mwisho nitasema tuweke nini badala yake. Anayetaka kubisha, karibu, lakini afike ya kumi kwanza.

2/10

Tuanze na hili: grupu la mama ni kitu gani khasa? Wapo wanaolidharau, wanasema umbea wa wanawake. Si umbea. Saa tano za usiku mama anauliza, mwanangu kakataa ziwa la kushoto, nifanyeje? Wanne wanamjibu kabla hajalia. Kesho mwengine anauliza hilo hilo, anaambiwa panda juu utalikuta. Mwaka ukiisha mna kitabu kizima kilichoandikwa na mama mia mbili, na hakuna aliyelipwa hata senti.

Hiyo ndiyo kazi ile ile inayofanywa na Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanza 2001, na ya Kiswahili ikaanza 2003. Kila mtu analeta kijiko chake, chungu kinajaa. Ndiyo kazi ya ramani ya OpenStreetMap, ambayo wanafunzi wa vyuo na wakaazi wa Dar es Salaam waliitumia kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, kuchora mitaa inayofurika mvua ikinyesha.

Sasa sikilizeni. Elimu ya namna hii haiishi kwa majibu. Majibu yako mengi, hata vitabuni yamo. Inaishi kwa mtu mmoja kuthubutu kuuliza, na mwengine kuthubutu kusema "hata mie yalinikuta". Wakinyamaza hao wawili, mnabaki na grupu la kutumiana picha za maua na "Ijumaa njema".

3/10

Najua mtanijibu kwa methali: mficha uchi hazai. Sie wakunga tunaipenda sana methali hii, tunaitumia kila siku. Lakini hebu tuulizane, huo uchi anaonyeshwa nani? Anaonyeshwa mkunga. Ndani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, wanawake wawili watatu wanaoaminika. Hakuna bibi yetu hata mmoja aliyeifahamu methali ile kuwa mzazi atolewe barazani azalishwe mbele ya wauza samaki.

Na bibi zetu walikuwa na elimu yao ya pamoja, tena kubwa. Mwari alifundwa na somo wake chumbani, akauliza ya kuuliza, akajibiwa. Elimu ikatoka hapo, ikaenda kizazi hata kizazi, ikatufikia sie. Aliyeuliza hakutajwa. Ndiyo maana nyumba zetu zina baraza mbele na ua nyuma. Kuna maneno ya mbele, na kuna maneno ya nyuma.

Grupu la watu mia mbili na hamsini si uwani, msijidanganye. Ni baraza, tena baraza ambalo humwoni anayepita. Simu ya mama mmoja inachezewa na mwanawe, ya mwengine inashikwa na mumewe, ya tatu iko kwa fundi. Unapoandika jina lako pale, umewaandikia wote hao.

4/10

Wengine wanasema, basi asiandike jina, aandike shehia na kituo tu. Jamani, kwani nyie si Wapemba?

Natunga mfano, si mtu. "Mama wa shehia fulani, watoto wanne, mume yuko Muscat tangu Ramadhani, anauliza kuhusu sindano ya kupanga uzazi." Jina sijataja. Haifiki adhuhuri wifi yake kashajua. Na sasa mji mzima una swali lake: mume hayupo, sindano ya nini? Huenda mume anarudi mwezi ujao. Huenda mama wa watu anatokwa na damu nyingi kila mwezi na amesikia dawa za homoni humsaidia mtu kama yeye. Hakuna atakayemuuliza hayo. Habari itafika Muscat kabla ya jibu la nesi kumfikia yeye, na talaka skuhizi huja kwa simu.

Mwaka 2016 ndege ndogo zisizo na rubani ziliruka juu ya Unguja na Pemba kupiga picha za ramani, kazi ya Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar pamoja na wanafunzi wa SUZA, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi nzuri. Katika picha zile paa lako linaonekana, ua wako unaonekana. Lakini pale nyumba ni nyumba tu, haina maneno. Ukichukua paa, ukaongeza shehia, ukaongeza idadi ya watoto, ukaongeza safari ya mume, paa limeshakuwa mtu. Kitu kimoja kimoja hakimfichui mtu. Vikikutana, vinamfichua. Na katika kisiwa kama chetu havihitaji kuwa vingi.

Mtaniuliza, mbona wewe nesi hutupi kisa cha kweli cha mama aliyeumia? Sikitoi. Ninavyo, na havitoki. Ndiyo hoja yangu yote hiyo.

5/10

Twende kwenye hoja ya waongo. Hii ni hoja ya kweli, siidharau. Wamo wauza dawa za kunenepesha watoto. Wamo wanaume waliojiita Mama Fulani na picha ya waridi. Wamo wanaochukua namba za mama wakaanza kuwasumbua usiku.

Lakini angalieni uongo unaingia kwa mlango gani. Uongo kwamba chanjo inafunga kizazi hukuletewa na mama aliyeuliza kwa kujificha? La. Huja kwa sauti iliyorikodiwa, yenye jina kubwa mbele, "Daktari bingwa kutoka ng'ambo", imesambazwa mpaka haijulikani ilikoanzia. Uongo mkubwa huja umevaa jina na cheo. WhatsApp wenyewe walipotaka kuupunguza, 2019 waliweka mpaka kwamba mtu asisambaze ujumbe zaidi ya mara tano kwa mpigo, na Aprili 2020, wakati wa korona, ujumbe uliokwisha kusambazwa sana ukawa hauendi ila kwa mtu mmoja mmoja au grupu moja moja. Waliubana mkondo wa uongo. Hawakusema kila anayeuliza atangaze kwao.

Na mie hapa siandiki jina langu wala kituo ninachofanyia kazi. Mnaniamini kwa nini? Nikisema mtoto apewe maziwa ya mama matupu mpaka miezi 6, hata maji asipewe, nenda kituo chochote ukaulize, utaambiwa vivyo hivyo, na Shirika la Afya Duniani linasema vivyo hivyo. Hilo ndilo linalolipa neno langu uzito. Jina la baba yangu halimnyonyeshi mtoto wa mtu.

6/10

Wikipedia walikutana na tatizo hili kabla yetu. Mtu yeyote anaweza kuandika, basi na mwongo naye anaweza. Walifanya nini? Hawakudai kitambulisho, walidai chanzo. Ukiandika kwamba malaria inaletwa na maembe mabichi, huulizwi wewe mtoto wa nani. Unaulizwa umeyapata wapi, na kama huna pa kuonyesha, sentensi inatolewa. Kila ukurasa una historia yake: kila badiliko linaonekana, na likiwa baya linarudishwa lilivyokuwa. Mwandishi anaweza kutumia jina la kubuni miaka yote.

Hata hivyo walikuwa na tundu. Kwa miaka mingi, aliyehariri bila akaunti alionyeshwa hadharani namba ya mtandao wake, inayoitwa anwani ya IP, ikabaki kwenye historia ya ukurasa. Namba hiyo inaweza kuonyesha uko upande gani na unatumia kampuni gani, na kama umeandika kwa mtandao wa kazini, inaweza kuitaja kazi yako. Tangu 2024 shirika la Wikimedia limeanza kuweka jina la muda mahali pa namba ile, na namba ikabaki kwa wasimamizi wachache wanaoihitaji ili kuwazuia waharibifu. Na kanuni yao ya maadili, iliyopitishwa na bodi 2021, inahesabu kuanika taarifa za mwenzako bila ridhaa yake kuwa ni unyanyasaji.

Muone basi. Watu wenye zaidi ya miaka 20 katika kazi hii wanaongeza sitara, na sie wenye grupu la juzi tunaivua. Na hata kwao wanawake ni wachache sana kuliko wanaume katika kuandika. Kama kule, kwa majina ya kubuni, wanawake bado wanasita, hapa kwa jina kamili na shehia nani atasema?

7/10

Kuna aliyeilipia siri ya watu hapa hapa nchini. JamiiForums wengi mnaijua, watu wanaandika kwa majina ya kubuni na kupeana habari. Disemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa. Polisi walitaka taarifa za walioandika, yeye akakataa kuwatoa. Akashitakiwa Mahakama ya Kisutu kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kesi zikachukua miaka, na Aprili 2020 akahukumiwa faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Siingii kwenye siasa, na nyie muwe upande mnaoutaka. Ninalouliza ni hili: yule alisimama kizimbani ili watu waliomwamini wasitajwe. Admini wa grupu la mama anataka watajwe bure, bila polisi, bila hakimu, kwa ujumbe mmoja wa asubuhi?

Na 2022 Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo habari za afya ya mtu na habari za watoto imeziweka katika fungu la taarifa nyeti, zinazotaka uangalifu zaidi ya nyengine. Waliotunga sheria wameliona hilo. Lakini mie sitaki tungoje sheria. Kusitiriana tumefunzwa chuoni tukiwa wadogo, kabla hatujajua neno "taarifa binafsi".

8/10

Sasa nawageukia wenzangu wa afya, na hapa najua nitasutwa.

Sie ndio tunaotoa mfano mbaya. Picha ya mtoto aliyezaliwa na kasoro, imepigwa wodini, imetumwa grupu la kazi "kwa elimu", kutoka hapo imetumwa kwa shemeji, kutoka kwa shemeji haina mwenyewe tena. Picha ya kidonda cha mzazi. Picha ya karatasi ya majibu ya damu, jina limefunikwa kwa kidole na namba ya faili inasomeka. Hiyo si elimu. Elimu ya kidonda inaweza kuelezwa bila kidonda cha Bi Fulani.

Pale Wawi, Chake Chake, iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, tangu 2000. Tafiti za minyoo na kichocho zinazopita pale zimewagusa watoto wengi wa kisiwa hichi. Utafiti wa namna hiyo una utaratibu wake: mzazi aelezwe kwanza, aridhie, ndipo kikopo cha choo kichukuliwe, na kikopo kinakwenda na namba. Mtaalamu aliyesoma mpaka mwisho wa elimu anamjua mwanao kwa namba. Wewe mwenzangu unamtoa kwa sura na jina la ukoo?

Na nyie mama, kadi ya kliniki msiipige picha mkaitupa grupuni. Mnataka kuuliza uzito tu, lakini kadi ina jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina lako na mnapokaa. Kama shida ni uzito, andika: mtoto wa kike, miezi minane, kilo kadhaa. Inatosha kabisa kukujibu. Huyo mtoto naye atakua. Atakwenda skuli, atachumbiwa. Msimwachie mtandaoni kwamba alikuwa na kifafa, au alikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Hakuulizwa, na alikuwa hawezi kukataa.

9/10

Haya, nini badala yake? Nilisema nitasema.

Kwanza, mlango wa kuingilia na mlango wa kuulizia ni viwili. Admini amjue anayemwingiza, au adhaminiwe na mtu anayejulikana. Hapo ndipo pa kumzuia mwenye picha ya waridi. Akishaingia, hana deni la kujitangaza.

Pili, chagueni mama wawili wa kupokea maswali ya siri kwa ujumbe wa pembeni. Wawili, ili ukimwogopa mmoja kwa kuwa ni wifi yako, uende kwa mwengine. Anayepokea aliandike swali upya kwa maneno yake, bila jina, bila shehia, bila kituo, bila habari za mume, kisha aufute ujumbe wa asili.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: anayeuliza asitiriwe, anayejibu aonyeshe chanzo. Kila jibu lianze kwa moja katika matatu: "yalinikuta mie", au "nimeambiwa kituoni", au "nimesikia tu". Mtashangaa mangapi ni ya kusikia.

Nne, anayetoa skrinishoti ya grupu nje, atolewe. Hakuna mjadala, hata awe nani.

Tano, mkikusanya majibu mkayahifadhi, au vijana wenu wakataka kuyaandika Wikipedia kwa Kiswahili, na mie nawatia moyo wafanye, hifadhini elimu, acheni visa. "Mzazi anaweza kuvuja mkojo baada ya uchungu mrefu, ni ugonjwa, unaitwa fistula na unatibika" ni elimu, na ina vitabu vya kuithibitisha. "Kuna mama wa mtaa wetu anavuja" ni kumvua mtu nguo. Ukitaka kutumia maneno ya mtu kama yalivyo, muulize kwanza, na akisema hapana iwe hapana.

10/10

Mtu atasema, nesi unatia chumvi, ni jina tu. Si jina tu. Mama aliyeulizwa jina hafuti swali moyoni, anafuta grupuni. Swali linabaki naye. Analala nalo, linakua, na siku akija kwetu limeshakuwa jambo la usiku wa manane na gari ya kukodi. Aibu ina uwezo wa kumchelewesha mtu kuliko njia mbovu. Mie nipo upande wa kupokea, najua wanavyokuja.

Na kwa kuwa wapo watakaosoma posti hii moja tu, naliweka hapa: ukiwa mjamzito au mzazi ukaona damu inatoka nyingi, kichwa kinauma sana, macho yanaona kiza, uso na mikono imevimba, degedege, homa kali, au mtoto tumboni ametulia kuliko kawaida yake, usiulize grupu lolote, la jina wala lisilo jina. Nenda kituoni au spitali sasa hivi. Huko utataja jina lako, maana huko ndiko kwa mkunga, na mkunga ana wajibu wa kulifunga. Asipolifunga, una haki ya kulalamika kwa mkuu wake.

Admini wangu wapenzi, sikuandika haya kwa kuwachukia. Kazi mnayoifanya bila malipo naiona. Sheria mmeiweka kwa kutulinda, nawaamini. Lakini mmemlinda asiyehitaji. Mwongo ana majina kumi ya kuwapa. Mama mwenye haya ana moja tu, nalo ndilo hilo la mumewe, la wanawe na la wazee wake.

Iondoeni leo. Badala yake bandikeni hii, nakilini kama ilivyo: "Uliza bila kujitaja. Jibu kwa kuonyesha umeyapata wapi. Ya humu yabaki humu."

Wenye hoja, maoni yako wazi. Kisa cha mtu nitakifuta, hata kama amekipenda mwenyewe kukisema, maana huenda kesho asikipende. Usiku mwema, na wanyonyeshaji mnywe maji.